Etanoli ya mahindi na wanafunzi wa Kidato cha Nne: tunavyofanya huku Mufindi

Mtoto wa huku Mufindi aliyewahi kumsaidia mama yake kupika togwa ameshajua nusu ya somo hili kabla hajaingia maabara. Amepika uji, ameuacha upoe kidogo, ametia kimea cha ulezi, na ameona kwa macho yake uji mzito ukilegea, halafu mdomoni ukawa mtamu bila kutiwa hata kijiko cha sukari. Kazi ya mwalimu ni kumweleza kilichotokea mle sufuriani, kisha kumsogeza mbele: ile sukari igeuke etanoli, yaani kile kileo kilichomo ndani ya pombe, na etanoli iwashwe na kupimwa joto lake.

Nafundisha kemia katika sekondari moja si mbali na Mafinga, na zoezi hili nimelifanya na madarasa sita mpaka sasa. Naandika kwa mwalimu mwenzangu mwenye maabara kama yangu, ambako maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, umeme unakatika bila taarifa, na chupa duara nzima zimebaki mbili. Usitegemee kupata mafuta ya kuendeshea gari la shule. Utapata kikombe kimoja cha etanoli, na hesabu ambayo wanafunzi hawataisahau.

Barua kabla ya ndoo

Kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuupoza mvuke wake, bila kibali ni kosa nchini kwetu. Sheria ya moshi ipo tangu mwaka 1966, na moshi wenyewe ndio gongo. Kwa hiyo kabla ya kununua hata hamira, mwandikie mkuu wa shule ueleze utatengeneza nini, kiasi gani, na kitakwenda wapi kikishapatikana. Mwombe mkuu awape taarifa ofisi ya kata na kituo cha polisi, na asubiri majibu yao kwa maandishi. Ukitaka kufanya zaidi ya kiasi cha darasa moja, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayosimamia mambo ya kemikali. Waulize wao kwanza.

Wazazi nao waambiwe. Mwaka wa kwanza nilipolieleza jambo hili kwenye kikao, mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu nimemleta shule aje ajifunze kupika gongo?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Katika vijiji vyetu gongo imeua na imepofusha watu, na kila mtu pale kikaoni alikuwa na jina moja kichwani. Nikamjibu, "Mzee wangu, hakuna mtoto atakayeonja hata tone. Siku ileile inapopatikana tunaitia sumu na rangi, na kabati lina kufuli mbili. Karibu uje ukae nasi siku nzima." Alikuja kweli, akakaa kwenye stuli karibu na dirisha kuanzia saa 2 asubuhi mpaka mwisho, na tangu hapo yeye ndiye anayewaeleza wazazi wapya.

Mahindi gani

Mimi situmii mahindi mazuri. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini inalisha nchi, na mtoto anayekula ugali wa shule mara moja kwa siku anajua thamani ya debe. Tunachukua chenga za mashineni na mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, yale ambayo jikoni wangeyatenga.

Ila usichukue yaliyoota ukungu. Watu husema, "Si ya kula, kwani kuna shida gani?" Shida ni kwamba vumbi lake litavutwa na watoto wakati wa kusaga. Na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiendi na mvuke, inabaki kwenye machicha. Kwa kuwa wanga wote umeondoka, sumu iliyokuwa imesambaa ndani ya kilo 3 za mahindi sasa imekusanyika kwenye kama kilo 1 ya machicha makavu, na mtu akimpa nguruwe amemlisha sumu mara tatu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi. Hilo nalisema darasani kila mwaka.

Kwa kundi moja la wanafunzi wanane unahitaji kilo 1 ya unga wa dona, gramu 200 za kimea cha ulezi, maji lita 5, na hamira kavu vijiko viwili vya chai, kama gramu 10.

Kimea mnaweza kutengeneza wenyewe. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, utandaze juu ya gunia, uufunike kwa gunia jingine bichi, na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Ukanda wa joto siku tatu zinatosha. Huku kwetu mwezi wa sita huchukua siku tano mpaka vimizizi vishikane. Anika juani, kisha saga. Usiukaange wala kuukausha juu ya jiko, maana vimeng'enya tunavyovihitaji, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vinakufa kwa moto.

Uji unaolegea

Changanya unga na maji ya baridi pamoja na vijiko viwili vya kimea, kisha bandika jikoni ukikoroga. Kile kimea kidogo cha mwanzo kinauzuia uji usigande kama ugali wakati joto linapopanda. Acha uchemke nusu saa. Punje za wanga wa mahindi hufunguka zikishapita nyuzi 60 hadi 70 hivi, na wanga usiofunguka hautageuka sukari hata uutie kimea cha gunia zima.

Epua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nilipojaribu peke yangu mara ya kwanza, nilitia kimea chote sufuria ikiwa bado inatokota, na uji ukabaki uji mpaka kesho yake. Nilienda kumwuliza mama mmoja jirani wa shule anayepika komoni, pombe ya kienyeji. Nilibisha hodi, tukasalimiana kamwene, nikamweleza. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulitia kikiwa na moto?" Nikasema ndiyo. "Basi umekiua, mwalimu."

Wiki iliyofuata alikuja darasani. Wanafunzi walisimama, "Shikamoo mama," akaitikia, akavua kandambili, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Alichovya kidole cha kati, akakitoa upesi, akatikisa kichwa. Akasubiri. Akachovya tena, akatoa. Mara ya tano kidole kilikaa kidogo, kama muda wa kuvuta pumzi moja, akasema, "Sasa." Msichana mmoja alikuwa ameshika kipimajoto upande wa pili wa sufuria. Kilisoma nyuzi 64. Kitabu kinasema 60 hadi 65. Darasa lilipiga makofi, na mimi nilimwomba mama arudie mara ya pili ili walioko nyuma waone. Tangu mwaka ule namwalika kila mara, na shule inamlipa posho ya mgeni kama inavyowalipa wageni wengine.

Ukishatia kimea, funika sufuria, ifunge kwa blanketi nzito, iache saa moja na nusu. Usiiache tu bila kuipima. Chukua kigae cheupe, na kila baada ya dakika 10 dondosha tone la uji juu yake, kisha tone la iodini pembeni yake mpaka vigusane. Tone la kwanza litakuwa bluu nyeusi kama wino. La tatu au la nne linaingia zambarau. Baadaye linakuwa na wekundu wa kutu, na mwishoni iodini inabaki na rangi yake ya chai ya rangi, kwa sababu hakuna wanga tena wa kuishika. Matone 9 kwenye mstari mmoja, toka giza hadi chai. Nawaambia wanafunzi wasikifute kigae mpaka mwisho wa wiki, kwa kuwa hakuna mchoro ubaoni utakaoeleza kazi ya kimeng'enya vizuri kuliko kile. Kama mna kimiminika cha Benedict, kile cha kutambua sukari, pasheni kidogo pamoja na uji wa mwanzo na wa mwisho; wa mwisho utageuka rangi ya tofali.

Ndoo, hamira na baridi

Uji ukishuka chini ya nyuzi 32, uhamishie kwenye ndoo safi yenye mfuniko. Hamira iamshe kwanza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu mpaka itoe povu, ndipo uitie. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba, na ncha yake izame kwenye chupa ya maji ya chokaa. Hewa ya kaboni dioksidi inayotoka itayafanya maji yawe meupe kama tui kabla kipindi hakijaisha. Mfuniko usizibwe kabisa hata siku moja. Ndoo isiyo na njia ya hewa inapasuka.

Sasa leta mizani ya dijitali, ile ya kupimia nyama. Pima ndoo kila asubuhi, ukiwa umeuchomoa mpira. Sukari inapovunjwa na hamira, gramu 180 za glukosi zinatoa gramu 92 za etanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi. Etanoli inabaki ndani, hewa inaondoka. Kwa hiyo kila gramu 88 ndoo inazopoteza, ndani yake zimezaliwa gramu 92 za etanoli. Mwanafunzi anaijua etanoli yake bila kuiona. Darasa la mwaka jana ndoo yao ilipungua gramu 70 siku ya kwanza, kisha 95, 50, 20, na siku ya tano 5. Jumla 240. Hesabu ikawapa gramu 251 za etanoli, ambazo ukizigawa kwa 0.789 ni kama mililita 318. Namba hiyo waiandike ukutani, tutairudia.

Tatizo la huku ni baridi. Mafinga mwezi wa saba maabara inaamka na nyuzi 9 au 10, na hamira inalala. Mwaka mmoja ndoo zangu zote nne zilinyamaza siku ya pili, na nilidhani hamira ni mbovu mpaka niliposhika ndoo kwa mkono. Dawa tuliipata kwenye mashine za mbao, ambazo Mungu ametujalia tele kwa sababu ya misitu ya Sao Hill: boksi kubwa la mbao, maranda ya msindano yamejazwa pande zote, ndoo katikati, gunia juu. Joto la hamira yenyewe likibaki mle ndani, ndoo inakaa nyuzi 26 hadi 28 usiku kucha. Mwalimu wa Kyela au Chunya hana haja ya boksi. Yeye aangalie tu ndoo isikae juani.

Uzito ukiacha kushuka, chuja kwa kitambaa, kisha chuja tena. Machicha yakiingia kwenye chupa ya kukenekea yanashika chini na kuungua, na chupa inapasuka.

Kukeneka

Siku hii ndiyo yenye hatari, na sitaki mtu aifupishe.

Hakuna moto wa wazi ndani ya maabara. Jiko la mkaa linabaki nje, hatua 20 na zaidi. Tunatumia jiko la umeme la bamba lililofunikwa, si lile la koili nyekundu inayoonekana. Umeme ukikatika tunasubiri. Hatuendi kuleta mkaa. Madirisha yote wazi hata kama ni baridi. Ndoo ya mchanga mbichi mlangoni. Na kwa kuwa huku kila mtoto amevaa sweta, mikono ya masweta inakunjwa mpaka kiwiko, nywele na shungi zinafungwa nyuma. Njia ya mvuke isizibwe popote, kuanzia chupa mpaka chombo cha kupokelea. Chombo hicho kiwe na mdomo mwembamba na kikae mbali na jiko.

Weka mchanga mkavu kwenye sufuria juu ya jiko, na chupa duara izame nusu ndani ya mchanga. Maji hayafai kwa mzunguko huu wa kwanza, na hapo kuna somo zuri. Mafinga tuko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Pombe yenye etanoli kidogo inachemka karibu na 88 na inaendelea kupanda kadiri etanoli inavyoisha, kwa hiyo maji ya moto hayana nguvu ya kuimaliza. Jaza chupa nusu tu, tia vipande vidogo vya kigae ili isirukeruke, na pandisha joto polepole.

Mililita 10 za mwanzo zimwage nje, mbali na watu. Zina harufu kali inayochoma pua, na humo ndimo zinamokusanyika asetaldehaidi na vitu vingine vyepesi. Pokea zinazofuata mpaka kipimajoto cha juu kikaribie 93, kisha zima. Darasa la mwaka jana walipata mililita 550.

Kujua nguvu yake hakuhitaji kifaa cha bei. Pima mililita 100 kwa silinda, kisha ziweke kwenye mizani. Maji yatakuwa gramu 100. Ikisoma gramu 95, etanoli ni kama asilimia 40 kwa ujazo. Gramu 93 ni asilimia 50, gramu 88.5 ni asilimia 70, gramu 84.5 ni asilimia 85. Nimezibandika namba hizi kwenye mlango wa kabati. Kukadiria kwa kuonja ni marufuku, na mwalimu ndiye wa kwanza kuitii marufuku hiyo.

Mzunguko wa pili unahitaji mnara. Tumechukua bomba la kioo la sentimita 40, tukalijaza stilwaya za chuma kisichoshika kutu, tukalisimamisha juu ya chupa na kulivika soksi ya sufu. Mvuke unapopanda, maji yanashika kwenye stilwaya na kudondoka, etanoli inapita. Mara hii maji ya moto yanatosha badala ya mchanga. Kipimajoto cha juu kitatulia kwenye nyuzi 73 au 74, na hapo mikono itanyooka: "Mwalimu, kipimajoto kibovu, kitabu kinasema 78!" Usiwajibu haraka. Waache wachemshe maji matupu na kipimajoto kilekile, waone 94 badala ya 100, wajue wenyewe kuwa kitabu kiliandikwa kwa mtu wa pwani. Kwangu hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote.

Etanoli ilipopatikana, mililita 100 zilisoma gramu 84.5. Jumla ilikuwa mililita 230. Asilimia 85 yake ni kama mililita 195 za etanoli tupu. Ukutani tulikuwa na 318. Zilizopotea ziko kwenye machicha, kwenye mabaki ya chupani, na hewani; wanafunzi wazitafute moja moja.

Watauliza kwa nini msirudie mpaka ifike 100. Kukeneka kunakwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, kwa kuwa hapo mvuke na kimiminika vina mchanganyiko uleule. Viwandani maji ya mwisho huondolewa kwa zeoliti yenye vitundu vinavyomeza maji na kuiacha etanoli. Kwa shule ishieni hapo.

Siku hiyohiyo, mbele ya walimu wawili, changanya na spiriti ya dukani ile yenye rangi, sehemu moja kwa tisa, bandika karatasi SUMU – MAFUTA, funga. Marekani nako mafuta ya etanoli hutiwa petroli kidogo yakiwa bado kiwandani, ili yasigeuzwe kinywaji.

Kuwasha na kupima

Mwali wa etanoli mchana hauonekani. Nimeshamwona kijana akipeleka mkono kwenye taa aliyodhani imezimika. Nilimvuta kwa wakati, lakini tangu siku ile tunafunga pazia na kutia chembe ya chumvi kwenye utambi ili mwali uwe wa manjano. Na taa haijazwi ikiwa inawaka au ingali ya moto.

Weka gramu 200 za maji kwenye kopo, pima uzito wa taa, pasha maji yapande nyuzi 40, zima, pima taa tena. Maji yamepokea gramu 200 mara 4.2 (juli za kupandisha gramu moja ya maji nyuzi moja) mara 40, yaani kilojuli 33.6. Taa yetu ilipungua gramu 4. Ndani ya gramu hizo 4 etanoli tupu ilikuwa kama 3.2, na kila gramu hutoa karibu kilojuli 27, jumla 86. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya joto limeenda kupasha hewa ya darasa. Mpe kila mwanafunzi bati kuukuu atengeneze kizuia upepo, arudie.

Kila mwaka kuna anayetaka kuitia kwenye bodaboda. Nakataa, na sababu nawapa. Petroli huhitaji hewa gramu 14.7 kwa kila gramu moja, etanoli 9 tu, kwa hiyo kabureta iliyopimiwa petroli itaipa injini mafuta machache mno. Maji yaliyomo hayapatani na petroli tangini, na mipira mingine huvimba. Brazil magari yanakwenda kwa etanoli yenye maji kidogo, lakini yalitengenezwa kwa ajili hiyo, na walianza mpango wao mwaka 1975 kwa miwa, ambayo sukari yake iko tayari bila kimea. Huku kwetu nafasi yake naiona zaidi jikoni: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati safi, na etanoli ni mojawapo.

Hesabu ya ubaoni

Gawa ubao mara mbili: kilichoingia, kilichotoka.

Kilichotoka: mililita 195 za etanoli. Lita moja ina kama megajuli 21, kwa hiyo ni megajuli 4.1.

Kilichoingia: kilo 1 ya mkaa ya kupikia uji na kupasha maji, kama megajuli 29. Jiko la umeme la wati 1,000 saa 5, ambazo ni uniti 5, megajuli 18. Jumla 47, kabla hujaandika mahindi yenyewe. Kilo ile moja ya unga, ingeliwa, ingempa mtu kilokalori 3,500 hivi, chakula cha siku nzima na zaidi.

Darasa hunyamaza hapo. Tumeingiza nishati mara 11 ya tuliyoipata. Waache wanyamaze, kisha waulize: Marekani wanafanyaje? Kule zaidi ya theluthi ya mahindi yao huenda kwenye etanoli, na kila kilo huwapa kama lita 0.4. Theluthi ya uzito inatoka kama etanoli, theluthi kama kaboni dioksidi, theluthi inabaki chakula cha mifugo, na joto la mtungi mmoja linapasha mtungi unaofuata. Hata hivyo wataalamu wao wamebishana miaka mingi kuhusu faida yake. Mtoto aliyejaza ubao ule kwa mikono yake anaelewa wanabishana kuhusu nini.

Machicha, kwa kuwa mahindi yetu hayakuwa na ukungu, huenda kwa nguruwe wa shule, kidogo kidogo, yakichanganywa na pumba.

Mwaka jana msichana wa meza ya tatu aliutazama ubao, akasema, "Mwalimu, mbona tunanunua mkaa na magunzi yamejaa nyuma ya ghala?" Tulipima. Gunzi kavu lina kama megajuli 17 kwa kilo, na ghala letu linayatupa. Mwaka huu uji wote umepikwa kwa kilo mbili za magunzi, na sufuria ilipoepuliwa iliwekwa moja kwa moja kwenye boksi la maranda badala ya kurudishwa motoni. Mstari wa mkaa ubaoni umeandikwa sifuri. Mstari wa umeme bado unasoma 18, na kundi la meza ya kwanza wamechora mtambo ambao maji yanayopoza mvuke yanaingia kwenye uji wa ndoo inayofuata yakiwa tayari ya moto. Wanatafuta mpira wa mita tatu.